Rock Katika Mtaa wa Sebene

Jumamosi moja jioni kijana wa kwaya aliniita mazoezini, hapa hapa mtaani kwetu Bigo, nyuma ya nyumba ambayo jenereta yake husikika hadi barabarani. "Yaya, kuja usikie. Ku nyumba gita iko nalia muzuri sana, lakini hapa inapotea." Nikainama kwenye ampli. Geini 10. Besi 10. Trebo 10. Midi 0. Akapiga akordi ya mi peke yake, mabati ya paa yakatetemeka, naye akatabasamu. Kisha ngoma zikaingia, besi ikaingia, na gitaa likamezwa. Kilichobaki kilikuwa mchakacho wa juu juu, kama mafuta ya moto yanapotumbukiziwa samaki.

Nilifanya mambo mawili. Nikapandisha midi hadi 7, nikateremsha geini hadi 4. Akapiga tena peke yake, akakunja uso. "Yaya, umeiharibu." Nikamwambia asubiri wenzake. Walipoanza, gitaa likajitokeza mbele, nene, lina uzito, kila akordi inasikika imeshika wapi na imeachia wapi. Hakusema kitu, ila hakugusa tena zile butoni.

Sauti ya rock ya zamani, ile ya miaka ya 1960 na 1970, ina ukali mdogo kuliko tunavyodhani na ina midi nyingi kuliko tunavyopenda. Ukipiga peke yako chumbani, mipangilio sahihi itakukera. Inaonekana kuwa sahihi pale tu wengine wanapopiga.

Sababu si fumbo. Gitaa linaishi katikati. Uzi wake mnene, mi ya chini, unatetemeka mara 82 kwa sekunde, na nota ya juu kabisa kwenye gitaa la fret 22 haifiki mara 1,200, ingawa mlio wake una ncha zinazopanda juu zaidi. Chini ya hapo kuna gitaa la besi na ngoma ya mguu. Juu kuna matoazi ya dramu na zile "s" za waimbaji. Ukikata midi ukajaza besi na trebo, umehama nyumba yako ukaenda kubisha hodi kwa majirani wawili wakubwa kuliko wewe, na nyumba yako umeiacha tupu.

Kwa nini basi kila kijana huanza kwa kukata midi? Kwa sababu anatafuta sauti usiku, ampli ikinong'ona ili baba asiamke. Sikio la binadamu halisikii besi na trebo sawasawa sauti ikiwa ndogo. Fletcher na Munson waliliandika jambo hilo mwaka 1933 huko Marekani. Kwa hiyo mkono unaongeza kile sikio linachokikosa. Kesho yake ampli inafunguliwa mazoezini, besi na trebo zinavimba, na midi haipo. Tafuta mipangilio kwa ukubwa ule ule wa sauti utakaopiga nao, na dramu ikipigwa.

Kuna mtego mwingine. Wengi huweka butoni zote kwenye 5 wakidhani hapo ndipo katikati pasipo na upendeleo. Saketi za toni za Fender na Marshall za zamani, ambazo ampli nyingi za bei nafuu zimeziiga, haziongezi chochote, zinapunguza tu. Zikiwa zote kwenye 5, midi tayari ina bonde. Kwa ampli ya aina ya Fender, ukitaka mstari ulio karibu na kunyooka unateremsha besi na trebo hadi karibu na 0 na kupandisha midi mpaka mwisho. Kwa hiyo ninaposema midi 7, usihofu kwamba nakupeleka kubaya. Najaza shimo tu.

Natumia namba za 0 hadi 10 makusudi. Vitabu vinavyokuja na pedali hupenda kupima butoni kwa mshale wa saa. Mshale ukitazama juu mmoja ataita saa sita, mwingine saa kumi na mbili, na ampli itaungua tukiwa bado tunabishana.

Sisi tunaopiga gitaa Kongo tuna mzigo wa ziada, nao ni mzigo mzuri: sebene, ile sehemu ya wimbo inayoongozwa na gitaa la solo. Tangu Mbelgiji Bill Alexandre alipoleta gitaa la umeme kwenye studio ya CEFA mjini Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1953, hadi kwa wapiga gitaa Franco na Docteur Nico, mpiga solo wetu amefundishwa usafi. Nota za sebene zinapaswa kutoka moja moja, kama shanga kwenye uzi. Trebo juu, ampli safi isiyokwaruza, vidole juu kabisa ya shingo, pengine na mwangwi kidogo. Mipangilio hiyo iko mikononi mwetu hata tusipojua. Mtu wa sebene akinunua pedali ya distoshoni huiweka juu ya sauti ile ile nyembamba yenye trebo nyingi, na anachopata ni nyuki kwenye kopo. Rock inaanza kwa kuondoa. Rudisha trebo chini kwanza. Pedali baadaye.

Wenzetu Wazambia walishavuka mto huo. Katika miaka ya 1970 bendi kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family zilipiga rock yenye fazi nzito, ikaja kuitwa Zamrock. Wasikilize ukitaka kujua kwamba gitaa hili si mgeni katika bara.

Sasa, ule ukali wa rekodi za zamani ulitoka wapi? Jim Marshall alikuwa na duka la ngoma London. Mwaka 1962 yeye na mafundi wake waliunda ampli yao ya kwanza kwa kufuata Fender Bassman ya Marekani. Ampli kubwa zilizofuata, zile za wati 100, hazikuwa na butoni ya masta. Ulikuwa na volyumu, na ukiipandisha, ampli nzima ilizidiwa: valvu zake zilifika mwisho wa nguvu na sauti ikaanza kupasuka yenyewe. Huo ndio ukali wenyewe, ampli inayohema. Kwa kuwa ilipasuka kwa kuzidiwa, ilisikiliza mkono: ukigusa kwa upole inasafika, ukichapa inakoroma. Mtu mwenye pedali kwenye 10 hana upole wala ukoromaji. Ana kiwango kimoja tu, mwanzo mpaka mwisho.

Sikiliza gitaa la kusindikiza la AC/DC kwa hedifoni. Utashangaa jinsi gitaa lile lilivyo safi. Unaweza kuhesabu nyuzi ndani ya akordi. Linasikika kubwa kwa sababu ni magitaa mawili, yanapigwa kwa nguvu, na hayaingiliani na besi.

Njia yangu ya kutafuta ni hii, na inafaa kwa ampli yoyote ya transista ya wati 15 au 30 inayotufikia kutoka Kampala kwa njia ya Mahagi. Weka besi, midi na trebo kwenye 5, riverbu kwenye 0, geini chini kabisa. Gitaa liwe wazi, volyumu yake 10, na utumie mikro yake, kile kinasa mlio wa nyuzi, ile ya karibu na daraja. Panda na geini polepole huku ukipiga akordi moja kwa nguvu ile ile. Pale unaposikia ukingo wa sauti unaanza kukwaruza, simama. Sasa piga kwa upole. Kama imesafika, uko mahali pake. Kama bado inakwaruza, umepita, rudi nyuma. Kwenye ampli nyingi hapo ni kati ya 3 na 5.

Kisha besi. Weka kiganja karibu na daraja ili kuzima nyuzi, piga mi ya chini kwa mapigo ya haraka. Ikivuma "bumm, bumm" na mapigo yakashikana, teremsha mpaka kila pigo lisimame peke yake. Mara nyingi ni 3 au 4. Usijaribu kuwa mpiga besi; yupo mwenzako amekuja na gitaa lake kwa kazi hiyo. Kisha midi: pandisha mpaka gitaa lianze kuongea puani, halafu rudisha nusu hatua. Trebo iwe ya mwisho, na uisikilize ukiwa umesimama mbele ya ampli, si kando yake. Spika ya gitaa hurusha trebo mbele kama tochi. Ampli ikiwa sakafuni wewe unasikia kwa magoti, unadhani sauti ni butu, unaongeza trebo, na mama aliyekaa safu ya kwanza anaziba masikio. Iweke juu ya kiti, au iegemeze ukutani itazame uso wako. Utateremsha trebo mwenyewe bila kuambiwa, na ile besi ya uongo inayotoka sakafuni itapungua.

Sasa mkono. Akordi kamili tulizozoea zinagombana ndani ya distoshoni. Ukipiga la, do-dièse na mi pamoja kwenye ampli inayokwaruza, zile nota zinazaa nota nyingine za pembeni zisizo na baba, na unasikia tope. Ondoa do-dièse. Baki na la na mi, ongeza la ya juu kama unataka unene. Nusu ya malalamiko kwamba "ampli hii mbaya" yanaisha hapo.

Na butoni ya volyumu iliyo kwenye gitaa lenyewe, ambayo hapa kwetu wengi huifungua 10 asubuhi na kuisahau, ndiyo pedali bora uliyo nayo. Ubeti, 6. Kiitikio, 8. Solo, 10. Ndivyo Brian May wa Queen alivyofanya kazi maisha yake yote. Gitaa lake alilijenga na baba yake kuanzia mwaka 1963, shingo yake ikichongwa kutoka mbao ya meko ya zamani. Ampli yake ni Vox AC30 iliyofunguliwa kupita kiasi, mbele yake kisanduku kidogo cha kuongeza trebo, na ukali au usafi anautawala kwa butoni ya volyumu. Aliyekuwa akiimba mbele yake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Kwa hiyo hata ukibishana na mzee wa kanisa kwamba rock ina ukoo na sisi, hujaenda mbali sana. Katika bendi hiyo hiyo kuna hadithi ninayowapa vijana wa Bigo wasio na ampli: John Deacon aliokota saketi ya kielektroniki kwenye takataka, akaifunga ndani ya kisanduku cha spika ndogo ya rafuni, ikaendeshwa kwa betri ya volti 9. Sauti yake ilitumika kwenye rekodi za Queen.

Pedali. Ukiwa na uwezo wa moja tu, nunua ovadraivu ya ukoo wa Tube Screamer, ile ya kijani au nakala yake. Inakata besi na kuinua midi kwenye takriban hertzi 700, yaani inakufanyia kazi niliyoieleza hapo juu. Iweke draivu 2 au 3, levo 7, toni 5, mbele ya ampli ambayo tayari inakwaruza kidogo. Inaisukuma, haiifuniki. Boss DS-1 ya rangi ya chungwa, iliyotoka mwaka 1978, ni pedali nzuri pia, lakini ina bonde kwenye midi. Ukiitumia, jaza midi kwenye ampli na toni iwe chini ya 4. Mpangilio wa waya: gitaa, wawa, ovadraivu au fazi, korasi, dilei, riverbu, ampli. Dilei ikikaa kabla ya distoshoni, kila mwangwi unakwaruzwa tena na unapata ugomvi wa sokoni.

Angalia adapta. Pedali nyingi zinataka volti 9 na hasi iwe katikati ya kichwa cha waya. Adapta za redio na modemu zinazouzwa mitaani mara nyingi zina chanya katikati. Kichwa kinaingia vizuri kabisa, na pedali inakufa. Mimi nimezika moja hivyo; nilikuwa na haraka.

Sasa tatizo kubwa la hapa: wengi hatuna ampli ya gitaa kabisa. Gitaa linachomekwa kwenye miksa ya kanisa na kutoka kwenye bafle zile zile za waimbaji. Kwa sebene inakubalika. Kwa rock ni msumeno. Sababu ni spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 haina twita. Juu ya hertzi 5,000 hivi inaanguka ghafla, na huko ndiko uchafu wote wa distoshoni unakokaa. Marshall haikuwahi kukuonyesha uchafu huo. Bafle ya kanisa inao mdomo wa twita unaofika mbali zaidi, nao unakuonyesha kila kitu, kama taa nyeupe kwenye chumba kisichofagiliwa.

Kama una kifaa cha efekti nyingi, tafuta ndani yake sehemu inayoiga kabineti ya spika. Iwashe unapoingia kwenye miksa. Izime unapoingia kwenye ampli halisi, la sivyo unachuja mara mbili na sauti inazama chini ya blanketi. Kama huna kifaa hicho, teremsha trebo ya miksa mpaka chini, na kama kanisa lina ikwalaiza ya vijiti, kwenye mkondo wa gitaa pekee vuta chini vijiti vyote kuanzia 5,000 kwenda juu. Usichomeke gitaa tupu kwenye tundu la kawaida la miksa. Mikro za gitaa ni dhaifu na tundu lile linazinyonya, sauti inakuwa ya usingizi. Pitisha kwenye pedali ya Boss au nakala yake, hata ikiwa imezimwa, mradi ina umeme.

Lakini kama kuna ampli ndogo yoyote, hata ya wati 10 iliyopasuka ganda, itumie na uiwekee maikrofoni ya kuimbia mbele, sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa. Ukilenga katikati ya spika unapata ukali. Ukisogea ukingoni unapata utamu. Mahali pazuri ni kati ya hapo. Kusogeza maikrofoni kwa upana wa vidole viwili kunabadilisha sauti kuliko butoni ya trebo.

Umeme. Mvumo unaousikia ukiwa hupigi una vyanzo viwili, na dawa zake ni tofauti. Ukigeuza mwili na mvumo ukapungua, ni mikro za koili moja zinazookota sumaku ya transfoma au taa. Sogea mbali, geukia upande mwingine. Ukigusa nyuzi na mvumo ukapungua, ni mwili wako unaookota mvumo na gitaa halijakingwa vizuri ndani, au umeme wa jengo hauna ardhi. Inveta za bei rahisi za sola, zile ambazo wimbi lake ni la ngazi ngazi, huleta mluzi mkali ambao hakuna mpangilio wa toni utakaouondoa. Kwenye jenereta, zima ampli kabla mafuta hayajaisha; inapokohoa, volti hupanda na kushuka kama pikipiki kwenye mashimo.

Na usikate mguu wa ardhi wa plagi ili kunyamazisha mvumo. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows aligusa maikrofoni isiyo na ardhi jukwaani Swansea, mkono mwingine ukiwa kwenye gitaa, akafa. Hapa kwetu kila mpiga gitaa anayeimba ana hadithi ya midomo iliyochapwa na maikrofoni. Pima kwa mita kati ya nyuzi na wavu wa maikrofoni kabla ya kuanza. Ukiona volti, chomeka ampli na miksa kwenye njia moja ya umeme yenye ardhi ya kweli. Kama haiwezekani, siku hiyo usiimbe ukiwa na gitaa.

Riverbu niseme haraka: chumba cha matofali chenye mabati tayari ni riverbu. 0 au 1. Dilei kwa solo tu. Gawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika upate milisekunde. Wimbo wa mapigo 120 ni 500. Marudio mawili, na iwe chini kiasi kwamba ukiizima ndipo unagundua ilikuwepo.

Ukishapata mahali pako, chukua rangi ya kucha ya dada yako, weka nukta ndogo pembeni ya kila butoni. Ampli ya kanisa ni ya watu wote, na Jumapili asubuhi, kabla hujafika, watoto wa shule ya Jumapili watakuwa wameshazungusha kila kitu hadi 10.